Matanga ya Shangazi wa Kabeza

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na katika mji mzima wa Kigali sikumjua mtu mwenye akili kunizidi. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue yuko na nani. Nilikuwa karani wa teleksi katika kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo. Kazi ile sikuipata kwa vyeti. Niliipata kwa sababu mama yangu ni mtu wa Ujiji, nyumbani kwetu Gitega, mtaa wa hapohapo Kigali, tulizungumza Kiswahili, na madereva wa malori ya Dar es Salaam na Mombasa walihitaji mtu wa kuwaelewa wanapogomba. Mashine yetu ilitoboa utepe wa karatasi, safu kwa safu za vitundu, na mimi nilikuwa nimejifunza kuvisoma vile vitundu kwa macho, bila mashine. Siku moja bosi aliwaita wageni waje kunitazama nikisoma. Tangu siku hiyo nikajiona jasusi.

Kaka yangu, ambaye ndiye mtoto mwingine pekee wa mama, alikuwa fundi redio Kimisagara, mtu wa maneno machache na mikono mizuri. Vita ilipoanza Oktoba 1990 walikuja kumchukua. Kosa lake ni kwamba alikutwa na redio kumi na moja mezani, zote zimefunguliwa, na mtu fulani akasema redio nyingi namna ile ni za kuongea na adui. Alipelekwa kwenye uwanja wa mpira pamoja na wengine wengi, kisha gerezani. Alitoka miezi sita baadaye bila kesi wala maelezo, amekonda, meno mawili hana. Hakumaliza mwezi nyumbani. Akaambiwa na mtu anayemwamini kwamba jina lake bado lipo kwenye karatasi za watu, akaamua kuvuka kwenda Bujumbura kwa mjomba wetu, ndugu yake mama.

Basi hapo jambo likawa moja tu. Asirudi Kigali kabla hatujajua kwamba hawamtafuti tena, na wale wanaomtafuta wasijue alipo. Ugumu ulikuwa kwamba kaka yangu alimpenda mama kupita kiasi na hakuweza kukaa mbali. Nilijua angerudi kwa kisingizio chochote, na nilijua wangemchukua mara ya pili, na mara ya pili watu hawakuwa wanatoka.

Jioni ya kuamkia safari yake nilimkalisha kitandani nikampa semina. Asiandike jina la mtu yeyote. Barua zije kazini kwangu, kwenye sanduku la posta la kampuni. Akishasoma achome. Na mtu wa tatu asijue lolote, hata mjomba, hata mama. Nilikuwa nimeyaandika masharti hayo kwenye karatasi, na ili kumwonyesha namna ya kuchoma nikaichoma palepale chumbani, nikababua pazia. Jirani yetu, mwanamke aliyeuza makaa ng'ambo ya ua wetu, akauliza kwa sauti kama siku hizi tunapikia nguo. Kaka yangu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikasirika, kwa sababu niliona hachukulii mambo kwa uzito.

Kisha nikampa hesabu. Nilikuwa nimetengeneza jedwali la herufi na namba, na barua ya siri ilitakiwa ionekane kama orodha ya mizigo: katoni za betri ishirini na tatu, katoni za misumari arobaini na moja, na kadhalika. Kaka yangu alilitazama lile jedwali kwa huzuni. Akasema kwa nini tusiseme tu kwamba kuna shangazi anaumwa. Akipata homa, maana yake kuna wasiwasi. Akilazwa, maana yake wamekuja kuuliza. Akifariki, maana yake usikanyage hapa. Baba yetu, marehemu, hakuwa na dada, kwa hiyo hatukuwa na hatari ya kumchanganya na mgonjwa wa kweli. Tukamweka Kabeza, huko karibu na uwanja wa ndege, kwa kuwa hatukumjua mtu Kabeza. Na kama mambo yakiwa ya haraka, nikamtangaze kwenye redio ya taifa, katika matangazo ya vifo ya jioni, maana redio za Kigali zilisikika Bujumbura na yeye alishinda akizifungua na kuzifunga kutwa nzima.

Niliuona mpango ule ni wa kishamba. Mtu anayesoma vitundu kwa macho awe wa kutegemea shangazi? Nilikubali shingo upande, nikamwambia tutamweka shangazi kando, awe wa akiba.

Barua yake ya kwanza ya hesabu ilinichukua jioni tatu. Nilijifungia chumbani na jedwali langu, mama akidhani nina mchumba. Jioni ya kwanza nikapata neno sabuni. Jioni ya pili nikapata kitu kilichofanana na mjomba amemeza sabuni. Ya tatu sikupata chochote. Kumbe jedwali alilipoteza njiani, akaliandika upya kwa kukumbuka. Barua yake iliyofuata haikuwa na katoni hata moja. Ilisema: Ile hesabu yako imeniumiza kichwa, niko mzima, nakula vizuri, msalimie mama. Chini akasaini majina yake yote mawili, la ukoo na la ubatizo, kwa mwandiko wa kupendeza.

Mimi sikuchoka. Nilihamia kwenye bahasha. Nilikuwa nimesikia kwamba ukiweka unywele kwenye ulimi wa bahasha utajua kama imefunguliwa, basi nikawa naweka unywele, juu yake gundi ya unga wa muhogo niliyoipika mwenyewe, juu ya gundi utepe, na juu ya utepe saini yangu. Karani wa posta aliigeuzageuza ile bahasha, akaipima mkononi, akaniuliza taratibu: "Dada, humu ndani iko nini? Iko dahabu?" Wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka kunitazama. Barua za watu wengine zilikuwa zimelambwa kidogo tu na kubandikwa, na ya kwangu pekee imevikwa kama mtoto siku ya baridi. Bila shaka ilifunguliwa. Nani angeacha kuifungua? Kaka yangu aliandika kwamba ilifika imechanwa pande zote mbili, na kwamba ndani alikuta pia mende aliyekuja kwa ajili ya muhogo.

Hapo nikamrudia shangazi, nikiwa nimenywea.

Na shangazi, lazima nikiri, aliniteka. Nilianza kwa kumpa mafua, kama tulivyopatana. Juma lililofuata nikaona mafua matupu hayana uhai, nikamwongezea mguu uliovimba. Nikampa shamba dogo la viazi vitamu nyuma ya nyumba, na ugomvi na jirani kuhusu mbuzi. Kaka yangu akaandika kwa wasiwasi mkubwa kuuliza mguu maana yake nini, na mbuzi ni nani. Nikamjibu kwamba mguu ni mguu. Mwezi Julai ulikuwa shwari, hapakuwa na aliyekuja kuuliza, na mimi nilikuwa nimechoka kuandika magonjwa. Basi nikaandika kwamba shangazi amepona kabisa, mguu umenywea, amecheza ngoma kwenye harusi mpaka vijana wakakaa chini. Niliisoma barua ile mara tatu kwa raha kabla ya kuituma.

Sikuwa na sababu ya kumchezesha ngoma zaidi ya kupenda kuandika.

Jibu lake lilifika mwanzoni mwa Agosti. Amefurahi kusikia shangazi amepona namna ile. Kwa hiyo ameamua kuja sikukuu ya katikati ya mwezi, ya Kupalizwa Bikira Maria, kula na mama siku mbili kisha arudi. Nisimwambie mama, anataka kumshtua. Nilipoisoma sikuogopa mara moja. Nilijisemea kwamba labda kweli mambo yametulia, na nikaanza hata kuwaza tutapika nini.

Siku mbili kabla ya tarehe aliyoitaja nilirudi kutoka kazini nikawakuta wanaume wawili uani kwetu, wamekaa kwenye viti vyetu vizuri. Mmoja alikuwa responsabule wa seli, kiongozi wa mtaa, ambaye tulimjua. Wa pili alivaa koti la kahawia katika joto la kiangazi, na huyo hatukumjua. Mama alikuwa amewapa maji. Wa koti aliuliza habari za kaka yangu kwa upole sana.

"Tunamutafuta kwa uzuri tu," alisema. "Iko karatasi moja ya kusaini, basi."

Mama akajibu kwamba mwanawe alikwenda kutafuta kazi, na watoto wa siku hizi hawaagi. Wa koti akatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Akauliza kama huwa anaandika barua, na mimi nikasema hapana kwa haraka mno. Walipoondoka nilisikiliza hatua zao mpaka zikaisha. Nilikaa palepale nikahesabu. Kesho kutwa alfajiri kaka yangu anapanda basi la Kigali, na analipanda kwa sababu nilimchezesha mwanamke ngoma.

Posta haingefika. Simu ya kampuni ilipitia kwa mtu wa ubao wa kuunganishia simu, na mtu wa ubao alikuwa akisimulia mazungumzo ya watu wakati wa chakula cha mchana. Teleksi iliacha nakala kwa bosi. Kulikuwa na dereva wetu mmoja, mtu mzima, ambaye kila wiki alipeleka shehena Bujumbura na kila wiki aliniuliza kama nina salamu za kupeleka, na kila wiki nilimjibu sina, kwa sababu ya lile sharti la mtu wa tatu. Lori lake lilikuwa limeondoka asubuhi ileile. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyomkatalia yule mzee kwa kiburi, natamani kujipiga kofi.

Ikabaki redio.

Asubuhi nilikwenda kwenye dirisha la matangazo. Niliyekutana naye alikuwa kijana mpole aliyezoea kushughulika na watu wanaolia, na mimi sikulia, jambo lililomtatiza. Akauliza jina la marehemu. Nilikuwa nimempa mguu, viazi na mbuzi, lakini jina sikuwahi kumpa, nikasema la kwanza lililonijia. Akauliza maziko ni lini. Nikasema yamekwisha. Akaweka kalamu chini, akauliza kwa adabu, kama amekwisha zikwa, tangazo ni la kumwita nani. Nikamwambia ni kwa ajili ya ndugu wa mbali, wasije wakasumbuka njiani. Akasema hajapata kuona tangazo la msiba linalowaambia watu wasije. Alikuwa na haki. Katika nchi ile, na katika ile aliyozaliwa mama yangu, kitu pekee kinachomtoa kila mtu popote alipo na kumleta mlangoni kwako ni kifo, na sisi wajuzi wawili tulikuwa tumekichagua kiwe alama ya kukaa mbali. Akaniandikia tangazo kwa namna ya kawaida, nikatia saini.

Mama sikumwambia. Niliona nimlinde.

Jioni ile alikuwa akichambua maharage karibu na redio, mimi nimekaa mlangoni nikijitia kushona. Matangazo yakaanza. La kwetu likawa la tatu. Familia fulani ya Gitega, ikatajwa kwa jina la baba yetu, inasikitika kutangaza kifo cha shangazi yao kilichotokea Kabeza, habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki walioko Kigali, Butare na Bujumbura. Nilikuwa nimefikiria sikio moja tu lililoko Bujumbura. Sikuwa nimefikiria kwamba Gitega nzima, ua kwa ua, ilikuwa na redio ileile imewashwa kwenye matangazo yaleyale. Mtaalamu wa siri alikuwa ametangaza yake kwa nchi nzima, pamoja na anwani.

Mama aliacha maharage. Alinitazama. Kisha akasimama, akajifunga kitenge kiunoni, akatoa kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu baba afe.

Nikadhani maskini mama ameamini, amechanganyikiwa, ameanza kumlilia wifi ambaye hakuwahi kuwa naye. Nikamkimbilia nimnong'oneze, lakini mwanamke wa makaa alikuwa amekwisha ingia, amemshika mama mabega, naye analia. Nyuma yake wakaja wengine. Tangazo lililofuata halijaisha kusomwa, ua wetu ulikuwa na watu kumi na wawili na mikeka minne.

Huyo mwanamke wa makaa hayupo tena. Alikwenda na wale wa 1994, na yaliyotupata mwaka huo sina ninavyoweza kuyachekea, kwa hiyo hayatakuwemo humu. Namtaja kwa sababu kwa siku nne zile aliyeongoza kila kitu alikuwa yeye. Aliamua nani alete maji na nani apike. Watu walitakiwa kuwa majumbani mapema siku zile za vita, kwa hiyo alipanga kwamba kilio kianze mchana na kila mtu aondoke jua likiwa bado juu ya kilima. Waislamu wa upande wa pili walileta birika la chai, Wakatoliki walileta mtungi wa pombe ya ndizi. Bosi wangu alinipa ruhusa ya siku tatu na akatuma gunia la mchele. Wanawake wa jumuiya ya parokia walitaka kumwombea marehemu misa, nikapata shida kubwa rohoni, maana sikujua ni dhambi ya kiasi gani kumwomba Mungu ampumzishe mtu ambaye hajawahi kuchoka.

Kibaya zaidi, walianza kumsimulia. Mzee mmoja mshona viatu alisema marehemu aliwahi kumpa mbegu za maharage mwaka wa njaa. Mwingine akasema alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Mwanamke wa makaa akasema ndiyo, lakini ulimi wake ulikuwa mkali, hakumwogopa mwanamume. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikistaajabu jinsi watu wanavyoweza kusema uongo kwenye msiba. Halafu, Mungu anisamehe, nikaona wivu. Nilikuwa nimemwumba mtu wangu kwa uangalifu, mwenye mguu wa kuvimba na viazi vitamu, na hawa walikuwa wanamgeuza mtu mwingine kabisa bila kuniuliza.

Mara mbili nilijaribu kumnong'oneza mama kwamba atulie, kwamba nitamweleza. Mara zote mbili alinisukuma kwa kiwiko akaendelea kulia. Na siku ya basi ilikuwa imefika na kupita, na sikujua kama kaka yangu amesikia au amechukuliwa kwenye kizuizi fulani njiani, mkononi ana vitu vya mama.

Siku ya tatu mchana wakaja wale wawili.

Sauti zikapungua. Responsabule alitoa pole, akakaa. Wa koti la kahawia alibaki amesimama kidogo, akizungusha macho kutoka uso hadi uso, na mimi nilijua anatafuta uso gani. Mwanamke wa makaa akamvutia kiti, akamwekea kinywaji mkononi kabla hajakubali.

"Huyu aliyekufa," aliuliza wa koti, "alikuwa ndugu ya nani hasa?"

"Dada ya baba yao," akasema mwanamke wa makaa. "Wewe hukumujua? Basi wewe uko mugeni. Kaa, nikuambie."

Akamwambia. Alimwambia kwa muda usiopungua nusu saa: marehemu alikozaliwa, wachumba aliowakataa, alivyopigana na polisi wa zamani kwa sababu ya mzigo wa ndizi. Alipopumua, mshona viatu alidaka. Mshona viatu alipokohoa, mwanamke mmoja wa wale walioleta chai alidaka. Wa koti alijaribu kuuliza jambo mara mbili akakosa mlango. Mwishowe aliinua mkono, akasema bila haraka lile ambalo mimi, na vitundu vyangu vyote, sikuwa nimelifikiria hata mara moja.

"Na yule kijana, fundi ya redio. Mbona hayuko hapa? Si ni shangazi yake?"

Bila shaka. Mtu aliye karibu huja kumzika shangazi yake. Asipokuja, watu wanauliza yuko wapi na kwa nini. Nilikuwa nimewaita watu wote waje wahesabu, na aliyekosekana alikuwa mmoja.

Mwanamke wa makaa hakutazama upande wangu.

"Sisi pia tunajiuliza hivyo hivyo," alisema. "Redio imetangaza Butare mpaka Bujumbura. Siku tatu mama yake analia hapa, na yeye hakuna. Mutu asiyekuja kulia shangazi yake, huyo hayuko karibu. Ao amekufa, ao amekwenda mbali kabisa, huko hawasikii hata redio. Wewe ukimuona, umuambie ametuaibisha."

Mama hapo akapandisha kilio mpaka responsabule akavua kofia. Wanawake wengine wakafuatia. Yule wa koti alikaa akakimaliza kile kinywaji taratibu, akamtazama mama, akatazama mlango, akamwambia mwenzake kitu kwa sauti ya chini. Walitoa pole mara ya pili na kuondoka, na mwaka ule hawakurudi tena kuuliza.

Siku ya nne tukaanua matanga. Watu walikuwa wanakunja mikeka nilipomwona yule dereva wetu wa Bujumbura amesimama uani, vumbi limemjaa hadi kope. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye lori. Alinivuta pembeni akasema fundi alimfuata huko kwenye maegesho ya malori, yuko mzima, anafungua redio za watu. Alikuwa amekwisha funga begi jioni ile tangazo liliposomwa. Amesema niambiwe kwamba amemsikia shangazi. Halafu akanipa furushi lililofungwa kwa gazeti, akasema ni la mama, alikuwa aje nalo mwenyewe.

Nilimshukuru yule mzee nikarudi kumsaidia mwanamke wa makaa kuosha vikombe, na kwa kuwa furaha hunifanya niropoke, nikamwambia kwamba naona aibu kumficha, lakini kuna jambo kuhusu marehemu lazima alijue.

Akaendelea kusuuza. "Baba yako nilimujua tangu ujana, mbele hajaoa," alisema. "Hakuwa na dada, hata mumoja."

Nikashika kikombe bila kukifuta. Nikamwuliza sasa kwa nini alikuja, na wale wengine, na mchele, na misa.

"Redio imesema kuna musiba kwenu. Kama hakuna mutu anakuja, si wataona ni uongo?"

Nikauliza nani mwingine alijua. Alinitazama kama mtu aliyemwona mtoto kavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, akaniuliza ni nani ambaye hakujua. Mshona viatu alikuwa amefanya kazi na baba miaka mingi. Mwanamke wa chai alihudhuria harusi ya wazazi wangu, alikaa upande wa bwana arusi. Hawakuwa wamekutana popote kupanga. Kila mtu alisikia tangazo nyumbani kwake, akajua baba yangu hana dada, akachukua mkeka. Mimi nilihitaji jedwali, gundi na unywele, na hata hivyo nilikaa siku nne katikati yao nikiwaona wao ndio wajinga.

Nilikwenda chumbani kwa mama na lile furushi. Alikuwa amekaa sakafuni, kichwa amekiegemeza ukutani, bado analia, safari hii bila sauti. Nikalifungua mbele yake. Ndani kulikuwa na kitenge cha kijani, kipya, na pakiti ya biskuti zilizovunjika njiani. Nikamwambia kaka yuko mzima, hakupanda basi, ameleta hiki. Akakipokea, akakiweka usoni. Machozi hayakukoma. Nikafunga mlango, nikainama karibu na sikio lake.

"Mama, watu wameondoka wote. Unaweza kunyamaza sasa."

"Niache," akasema. "Tangu mwanangu aondoke, sijapata mahali pa kumlilia watu wasiulize. Leo ndiyo siku ya mwisho."

Nikakaa sakafuni kando yake, nami nikalia mpaka watu wa doria walipoanza kupita wakituambia tufunge milango.